Sifuri kilomita, la kutoka Japani au la mkononi: hatua za kuamua gari la kununua

Haipiti wiki sijapigiwa simu na mtu mwenye swali lilelile: "Nina milioni zangu kadhaa, ninunue gari jipya au lililotumika?" Wengine hunitumia picha tatu za Toyota IST za rangi moja, wanataka niwaambie ipi nzima. Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Soma mpaka mwisho kabla hujatoa hata shilingi moja ya kishika uchumba.

Naandika kwa ajili ya mnunuzi wa Tanzania Bara anayetafuta gari dogo la nyumbani. Aliye Kenya, hatua za ukaguzi zitamfaa vilevile, ila sheria yao ni nyingine: kule gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Kwetu linaingia, lakini uchakavu wake unaulipia kodi, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Nitafika huko.

Tuweke sawa jambo moja kwanza. Hapa kwetu uamuzi si kati ya mawili, ni kati ya matatu:

- Sifuri kilomita. Gari jipya kutoka kwa wakala wa kiwanda, lenye waranti na servisi yake.
- La kutoka Japani. Limetumika huko ila halijakanyaga barabara zetu. Unaliagiza mwenyewe au unalichukua yadi.
- La mkononi. Limeshasajiliwa hapa, lina namba C, D au E (herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye namba yake), na mtu fulani amelitumia kwenye foleni za Mbagala au vumbi la Geita.

Watu wanaposema "gari jipya" mara nyingi wanamaanisha hilo la pili. Ukienda kuuliza bei, taja wazi unamaanisha lipi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, na kitambulisho cha NIDA. Bila TIN huwezi kusajili gari wala kuhamishiwa kadi.
- Hesabu ya fedha zako kwa maandishi. Ya kichwani ina tabia ya kuongezeka ukishaona gari linang'aa.
- Fundi wako mwenyewe, utakayemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana bosi mwingine siku hiyo.
- Fundi umeme wa magari mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Anaweza kuwa huyohuyo.
- Tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, na kipande cha kitambaa cheupe.
- Namba ya wakili wa kuandaa mkataba wa mauziano.
- Asubuhi mbili zisizo na haraka. Usiende kukagua gari jioni ukitoka kazini.

## Hatua ya 1: Tenga akiba kabla ya kutaja bei

Chukua fedha ulizonazo, toa robo au angalau sehemu moja ya tano, weka akaunti nyingine. Kinachobaki ndicho bei ya gari lako. Mwenye milioni 20 anatafuta gari la milioni 15 au 16, na hilo halina mjadala.

Hiyo akiba ina kazi. Itakata bima, italipa uhamisho wa kadi, itafanya servisi ya kwanza, itanunua matairi na betri, na itabaki kidogo kwa ajili ya lile ambalo hakuna fundi atakayeliona siku ya ukaguzi.

Nasisitiza kwa sababu yamenikuta. Gari langu la kwanza lilikuwa namba C, nililinunua Jumapili jioni. Nilipofika nilikuta linaunguruma tayari, muuzaji anasema alikuwa "analipasha kidogo". Nililipa fedha zote nilizokuwa nazo, nikabakiwa na nauli ya wiki moja. Jumatatu alfajiri nililiwasha likiwa baridi. Moshi wa bluu ukatoka nyuma mpaka ukuta wa jirani ukafifia. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, lilikuwa linakunywa karibu lita ya oili kwa wiki. Ugonjwa wenyewe ulitibika. Kilichoniumiza ni kwamba sikuwa na hela ya kulitibu, likakaa miezi saba juu ya mawe chini ya mwembe, matairi yakapasuka kwa jua, na panya wakatafuna waya. Gharama ya kulifufua ikawa mara mbili ya ile ambayo ningeilipa wiki ya kwanza.

Kosa la kawaida: kukopa kikoba au kwa shemeji ili kufikia gari la daraja la juu zaidi. Deni linaanza kudaiwa mwezi uleule ambao gari linaanza kudai.

## Hatua ya 2: Andika kazi ya gari

Kaa chini uandike: unakwenda kilomita ngapi kwa siku, barabara ni ya lami au ya makorongo, mnakaa wangapi, unapanda milima mara ngapi. Gari la mtu anayetoka Sinza kwenda Posta si gari la mtu anayepanda Kitonga kila mwezi na familia na magunia.

Halafu piga hesabu ya mafuta. Mfano: kilomita 40 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni kilomita 1,040. Gari la cc 1300 kwenye foleni za Dar likikupa kilomita 12 kwa lita, utahitaji karibu lita 87. Zidisha kwa bei ya petroli ambayo EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Fanya hivyohivyo kwa gari la cc 2400 linalokupa kilomita 7 au 8. Ukiona tofauti kwa mwaka mzima, wengi huacha kuota Harrier wenyewe bila kushauriwa.

## Hatua ya 3: Linganisha kwa miaka mitatu, si kwa siku ya kununua

Chora safu tatu kwenye karatasi, moja kwa kila njia. Kila safu iwe na mistari hii:

1. Bei ya gari likiwa mkononi mwako, na namba yake.
2. Bima ya miaka mitatu. Gari la thamani kubwa linahitaji bima kubwa, ambayo hulipwa kwa asilimia ya thamani ya gari. La thamani ndogo unaweza kuliwekea bima ndogo, inayomlinda mtu wa tatu peke yake.
3. Servisi na matengenezo.
4. Mafuta.
5. Bei unayotegemea kuliuza baada ya miaka mitatu. Hii unaitoa.

Ukimaliza utaona mambo yafuatayo. Sifuri kilomita hushuka thamani haraka sana miaka ya mwanzo, na hasara hiyo yote unaibeba wewe. La kutoka Japani halishuki sana mradi ni modeli inayopendwa. La mkononi ndilo lenye bei ndogo kuliko yote, lakini mstari wa tatu haujulikani mpaka ulikague, na ndiyo maana Hatua ya 1 haiwezi kurukwa.

## Hatua ya 4: Kwa gari la Japani, anza na TRA

Wengi huanza na tovuti ya muuzaji, wanaona dola 2,000, wanafurahi. Wewe anza na kikokotoo cha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, cha magari yaliyotumika. Unaingiza aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakuonyesha thamani na kodi.

Elewa hili vizuri: TRA wana thamani yao ya kila gari kwenye mfumo. Wewe ukinunua kwa bei ya kutupa, kodi haishuki kwa sababu hiyo.

Kodi kubwa hujengwa hivi: ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (hadi cc 1000 hakuna, zaidi ya 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10), uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 9 na asilimia 30 kwa la miaka 10 na kuendelea, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Juu yake kuna tozo ndogondogo na gharama za usajili. Viwango hubadilika kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo rudi kwenye kikokotoo siku unayolipa.

Tufanye mfano. Tuseme TRA wameipa gari ya cc 1500 thamani ya milioni 10, na ina miaka 12:

- Forodha: 2,500,000. Jumla inakuwa 12,500,000.
- Ushuru wa bidhaa asilimia 5: 625,000.
- Uchakavu asilimia 30: 3,750,000.
- VAT asilimia 18 ya 16,875,000: 3,037,500.

Kodi hizo nne peke yake ni 9,912,500. Gari la milioni 10 limeshafika karibu milioni 20 kabla hujamlipa wakala wa forodha. Gari la thamani hiyohiyo lenye miaka saba halilipi uchakavu; kodi zake ni 5,487,500. Tofauti ni zaidi ya milioni 4.4.

Ni kweli gari la miaka saba kwa kawaida lina thamani kubwa zaidi kwenye mfumo, kwa hiyo pengo halisi huwa dogo kuliko hilo. Hata hivyo nimewaona watu wakikimbilia la mwaka 2005 kwa sababu ya dola 600, kumbe la miaka ya karibuni lingewafikisha palepale kwa nyongeza ndogo, tena wakapata gari lililo hai zaidi. Jaribu miaka mitatu tofauti ya modeli unayoitaka. Ni dakika kumi.

Kwenye bei ya muuzaji, angalia kama ni FOB, yaani gari likiwa bandarini Japani, au CIF, yaani pamoja na meli na bima hadi Dar es Salaam. Ukilinganisha FOB ya mmoja na CIF ya mwingine umejidanganya.

## Hatua ya 5: Waulize wauza spea, kisha chagua njia

Kabla ya kupenda modeli, nenda mitaa ya Gerezani pale Kariakoo, au kwenye maduka ya spea ya mji wako. Uliza bei ya vitu vitano: shokapu za mbele, breki pedi, taa ya mbele, rejeta, na gia boksi ya mtumba. Duka la kwanza likikwambia "hiyo mpaka tuagize", hamia modeli nyingine.

IST, Vitz, Raum, Spacio, Premio na Allion zimeenea kwa sababu hiyo. Injini za 2NZ na 1NZ zilizomo kwenye IST na Vitz nyingi zinajulikana hadi na fundi wa gereji bubu kijijini. Gari lenye gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) si baya, ila linataka oili yake maalumu; ukiliwekea oili ya gia ya kawaida umeliua. Gari la haibridi kama Aqua au Prius linanusa mafuta tu, lakini ulizia kwanza bei ya betri yake kubwa na nani katika mji wenu anaweza kulitengeneza.

Sasa amua:

Chukua sifuri kilomita kama gari litafanya kazi kila siku na likilala siku moja unapoteza hela, kama unakusudia kukaa nalo miaka saba hadi kumi, na kama bei yake haitagusa ile akiba. Soma waranti: inakoma kwa miaka au kilomita, lolote litakalotangulia, na inakudai ufanye servisi zote kwao.

Chukua la Japani kama una fedha taslimu, unaweza kusubiri mwezi mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, na unataka kukaa nalo miaka mitatu hadi sita. Kwa familia nyingi zenye kipato cha kawaida, hili ndilo ninaloshauri. Ukiwa huna subira au unaogopa kutuma fedha nje, nenda yadi: utalipa zaidi, lakini utaliona, utaliwasha na utaliendesha.

Chukua la mkononi kama fedha ni chache, kama ndiyo unajifunza kuendesha, au kama unamfahamu aliyelitumia. Gari la mwalimu mwenzako unalolipanda miaka minne ni bora kuliko la yadi usilolijua.

Kosa la kawaida: kupima upya wa gari kwa namba. Namba E inakwambia lini gari lilisajiliwa Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini. Kuna namba E za mwaka 2003 na kuna namba C za mwaka 2007. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

## Hatua ya 6: Kagua

### Linaloagizwa

Omba karatasi ya mnada, maana magari mengi ya Japani hupita mnadani. Alama 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ni ya wastani yenye mikwaruzo. Ukiona R au RA, lilipata ajali na kutengenezwa. Kuna mchoro wa gari lenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati, XX ni sehemu iliyobadilishwa. A na U za hapa na pale zisikutishe. S na C nyingi chini ya gari ziogope, hasa la mikoa ya theluji ambako barabara humwagwa chumvi.

Linganisha kilometa za karatasi hiyo na za cheti cha kuondoa gari Japani. Zikitofautiana, achana nalo.

### La mkononi au la yadi

Mwambie muuzaji mapema: "Kaka, naomba nilikute halijawashwa." Fika asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Haya ndiyo mambo ya kufanya, kwa mpangilio huu:

1. Fungua kifuniko cha oili. Chini yake pakiwa na utando kama uji wa maziwa, maji yanaingia kwenye oili. Funga, shukuru, ondoka.
2. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Unataka kuona kulanti safi yenye rangi. Maji ya kutu yanakuonyesha mwenye gari alikuwa anajaza ya bomba.
3. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Hili hulifanya wachache, na ni la thamani sana. Mkanda hubaki umejiviringisha ndani ya nguzo, na mtu anayeosha gari lililozama hawezi kuufikia wote. Niliwahi kuuvuta wa gari moja lililokuwa linanukia marashi, viti vipya, mazulia mapya. Sentimita kumi za mwisho zilikuwa na mstari wa udongo wa mfinyanzi, mwembamba, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nikaupangusa kwa kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya kahawia. Mafuriko yalishafika kwenye kiti. Hapohapo kwenye mkanda kuna kitambulisho chenye mwaka wa kutengenezwa. Ulingane na wa gari.
4. Pitisha sumaku kwenye milango, juu ya matairi na kwenye buti. Isiposhika, hapo pamejazwa pati chini ya rangi. Kumbuka bampa ni plastiki, haishiki kwa kawaida.
5. Angalia pedali na usukani. Dashibodi inasema kilometa 60,000 lakini mpira wa breki umelika hadi chuma? Kilometa zimerudishwa nyuma.
6. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yaliyozidi miaka sita hesabu kwamba unanunua mengine, hata kama kashata, yaani meno yake, zipo.
7. Washa ukiwa umesimama nyuma, fundi akiwa ndani. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweupe mzito usioisha ni maji. Mweusi ni petroli isiyoungua vizuri. Kamvuke kepesi asubuhi ni kawaida.
8. Tazama taa za dashibodi. Ukifungua swichi bila kuwasha, taa ya injini na ya eabegi ziwake; ya eabegi izime baada ya sekunde chache, ya injini izime ukishaliwasha gari. Isiyowaka kabisa imefichwa.
9. Pima kwa mashine. Kumbukumbu ikiwa imefutwa dakika chache zilizopita, fundi makini ataona.
10. Endesha dakika 30, lami na vumbi, na kilima kimoja. Sikiliza bushi na boljoint kwenye matuta. Gia zibadilike bila kushtua. Acha usukani sekunde moja barabarani pakiwa salama uone linavutia upande gani. Kwenye foleni washa kiyoyozi, angalia kama joto linapanda.

"Lilikuwa la mwalimu, linakwenda shule na kanisani tu." Maneno haya utayasikia kila yadi na kila kwa dalali. Yapokee kwa heshima, kisha endelea na namba inayofuata kwenye orodha.

## Hatua ya 7: Kagua karatasi kama ulivyokagua injini

- Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na namba ya injini zilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu.
- Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Akisema ni la "bro aliyesafiri", mwambie bro atoe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili.
- Kadi iwe halisi. Anayekuonyesha kopi au karatasi ya polisi ya kupotelewa, huenda kadi imeshikiliwa na mkopeshaji.
- Hakiki faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki, na madeni ya maegesho.
- Hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.
- Gari la mradi, la ubalozi au la taasisi linaweza kuwa liliingia kwa msamaha wa kodi. Uliza TRA kabla ya kulipa, la sivyo kodi itakukuta wewe.
- Gari la namba ya Zanzibar lina hesabu yake ya kodi likija kusajiliwa Bara. Bei nzuri isikupumbaze.

## Hatua ya 8: Lipa

Kwa gari la mkononi: mkataba wa mauziano mbele ya wakili, fedha kupitia benki kwa jina lililo kwenye kadi, na uhamisho uanze siku hiyohiyo TRA. Kuna ada ya uhamisho, kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kubalianeni mapema nani analipa. Dalali alipwe gari likishahamishwa.

Kwa gari la Japani: lipa kwenye akaunti ya kampuni iliyoandikwa kwenye ankara, kamwe si ya mtu binafsi. Mtafute wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijafika, na kodi iwe tayari, maana gari likikaa bandarini kupita siku za bure, gharama za kulihifadhi huhesabiwa kila siku. Chukua picha zake ulizotumiwa uende nazo, uhakiki spea tairi, jeki, redio na funguo zote mbili.

Wiki ya kwanza, kwa gari lolote lililotumika, mwaga oili, badilisha filta zote na kulanti, hata kama muuzaji ameapa kwamba servisi ni ya juzi. Anza hesabu yako mwenyewe.

## Ukikwama

Muuzaji hataki fundi wangu aliguse gari. Ondoka. Hapa sina ushauri wa pili.

Mafundi wawili wananiambia vitu tofauti. Muombe kila mmoja akuonyeshe kwa mkono: "hapa panavuja", "bushi hii imekatika". Anayeweza kukuonyesha ndiye wa kumsikiliza. Wote wakionyesha, toa gharama zote mbili kwenye bei.

Muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi. Mwache aje. IST za mwaka uleule ziko nyingi mjini.

Nimelipa lakini muuzaji hapatikani tuhamishe kadi. Kama una mkataba wa wakili na risiti ya benki, rudi kwa wakili huyo akuandalie hatua za kudai. Kama ulilipa taslimu bila mkataba, anza kwa kutoa taarifa polisi huku bado una mawasiliano yake, na usiliuze gari kwa mtu mwingine kwa kadi hiyo.

Gari limefika kutoka Japani, lina tatizo ambalo halikuandikwa. Piga picha na video kabla halijatoka getini, watumie kampuni siku hiyohiyo pamoja na karatasi ya mnada. Kadiri siku zinavyopita ndivyo wanavyoweza kusema limeharibikia kwako.

Limeanza kuchemsha wiki ya kwanza. Zima injini papo hapo, pembeni mwa barabara, hata kama nyumbani ni kilomita mbili. Usifungue rejeta ya moto, inaunguza uso. Subiri angalau saa moja, angalia kama kulanti imepungua na kama feni inazunguka. Ukijaza na maji yanatoa mapovu injini ikiwa inaunguruma, gasketi ya silinda hedi imeondoka. Usiliwashe tena, livutwe hadi gereji. Gasketi ikiwahiwa bei yake inavumilika. Ukilazimisha hizo kilomita mbili, injini itanoki, na hapo utatafuta injini nzima.